Nilikwenda kwa Vyombo vya Angani, Nikarudi na Mtandio

Mmeniuliza Uswidi kulikuwaje, na kila mara nimewajibu "baridi" kisha nikajimiminia chai. Haya, leo mketi. Nitasema yote mara moja, na mtu asinikatize kuniuliza viza niliipataje au tiketi nilikata wapi. Hayo ni mambo ya karatasi, na karatasi zilinichosha kabla sijatoka Garissa.

Kazi yangu mnaijua. Nafundisha umeme hapa chuoni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishirikiana na wenzangu wa Nairobi kutengeneza mtandao mdogo wa nyaya, wa kuwekwa ndani ya chombo cha angani. Kamera ya chombo, kumbukumbu yake, redio yake, vyote lazima vizungumze, na mimi nashughulika na zile njia panda ambapo maneno yao hukutana. Huko Uswidi walikusanyika watu wa dunia nzima wanaofanya kazi hiyo hiyo, na mimi nikaitwa nikasome andiko langu. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mkuu wa chuo. Sababu yangu mwenyewe ilikuwa Hodan.

Tarbaj: safari inaanza kwa kurudi nyuma

Mtu wa Garissa anayekwenda Ulaya huelekea Nairobi. Mimi nilielekea upande wa pili, nikapita Wajir nikafika Tarbaj, kwa sababu ndiko anakokaa Habaryar Dahabo, dada ya mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na Habaryar ndiye aliyenilea pamoja na binti yake Hodan, mkeka mmoja, sahani moja, kofi moja likitosha mashavu mawili. Hodan aliolewa na kijana wa kambi ya wakimbizi ya Ifo. Kijana alipopewa makao Uswidi, akaondoka na mkewe. Tangu hapo mama mtu hajamwona mwanawe. Karatasi za Hodan za kule bado hazijatengenea: akitoka hataruhusiwa kurudi, na watoto wake wako kule.

Najua mtasema simu ipo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, jamani. Masikio ya Habaryar yamekufa. Ukimwekea simu anasikia upepo tu. Macho nayo yameingia ukungu, na picha ya simu kwake ni mwanga unaotikisika. Ukitaka akusikie lazima umshike bega umpigie kelele kwenye sikio la kulia, na ukishafanya hivyo Tarbaj nzima imesikia.

"Unaenda kufunga nyaya mbinguni?" aliniuliza.

"Naenda kuzungumza tu, Habaryar!"

"Kuzungumza unajua. Hilo sikutilii shaka."

Alinipa kopo la nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa na kuzamishwa ndani ya samli ili isiharibike. Alikuwa ameipika mwenyewe kwa macho yake yale mabovu, na vidole viwili vilikuwa na malengelenge. Kisha akanivuta karibu. Mnajua tunavyofanya ngamia akifiwa na ndama: tunamletea ngozi ya ndama wake anuse, moyo unatulia, maziwa yanashuka.

"Mimi si ngamia, na mwanangu hajafa, alhamdulillah," alisema. "Lakini macho yamekwenda, masikio yamekwenda, nimebakiwa na pua. Niletee mtandio wake. Ule anaouvaa, utoke kichwani kwake uingie mfukoni mwako. Usiufue. Unasikia? Usiufue."

Nikaapa. Mwanamke ambaye hajawahi kuniomba hata glasi ya maji bila kuniombea dua kwanza, leo ameniomba kitu.

Wajir hadi Garissa: maji yanapokata njia

Kutoka Wajir nilipata gari la mizigo lenye nafasi mbele, dereva wake wanamwita Gaab, yaani Mfupi, naye ni mrefu kama nguzo ya simu. Tulipopita Habaswein mbingu ilifunguka. Lagga moja, yaani mto mkavu, iliyokuwa mchanga mtupu nilipokwenda ilikuwa imejaa maji mekundu ukingo hadi ukingo, na magari yamepanga foleni pande zote mbili.

"Hii maji itaisha," alisema Gaab.

"Itaisha saa ngapi?"

"Ikiisha."

Hasira zangu mnazijua. Nilishuka nikaenda kuyakodolea maji macho kana kwamba yatanihofu. Ndege yangu hainingoji, mkutano hauningoji, na huko mbele kuna mtandio mmoja ambao nimeuapia. Nyuma yangu watu hawakuwa na habari: mtu ameshachinja mbuzi, mwingine anachemsha chai, na mama mmoja mfanyabiashara wa nguo anayerudi Ifo ametandika turubai na kuniita kama anayenijua tangu utotoni.

Tulikula kwanza. Hakuna aliyeuliza mtu anakwenda wapi mpaka mifupa ilipobaki mifupa. Ndipo maswali yakaanza: wewe binti wa nani, mwana wa nani, wa ukoo upi. Niliposema naenda Uswidi yule mama akapiga makofi.

"Wallahi? Ndugu yangu iko huko! Mpelekee salaam."

"Anakaa mji gani?"

"Uswidi."

"Mama, Uswidi ni kubwa."

"Kubwa kushinda Wajir?"

"Kubwa mara nyingi."

"Sasa Wasomali ya huko si watakuwa wanajuana?"

Nikakubali kuichukua. Salaam ni amana, huwezi kuikataa eti anwani haijakamilika. Maji yalipungua kesho yake asubuhi, Gaab akasoma Bismillahi kwa sauti, akaingia. Nilifumba macho mpaka ng'ambo.

Nairobi, Doha, na kopo la nyirinyiri

Nairobi sikukaa, nilipita mbio tu. Doha nilikaa sana, kwa sababu ndege ya kuunganisha ilichelewa. Uwanja ule una baridi kuliko jokofu la bucha, na watu wake wote wanatembea kwa haraka huku hakuna anayefika. Nilikaa nimelikumbatia kopo langu. Mwanamke wa Kifilipino aliyekuwa karibu yangu aliniuliza kama ni majivu ya marehemu. Nikamwambia ni chakula. Akacheka hadi machozi, akaniambia kwamba yeye amebeba samaki wakavu wa mama yake na amewaficha ndani ya soksi. Tulikaa pamoja, kila mtu na mzigo wa mama.

Yaliyotokea Uswidi mnaweza kuyakisia. Afisa wa forodha, kijana mpole mwenye glavu, alifungua kopo akauliza ni nini.

"Nyama ya ngamia."

Akauliza mara ya pili. Nikajibu vilevile. Akaenda kumwita mwenzake, mwenzake akaja, akanusa, akarudi nyuma hatua. Sheria yao haikubali nyama kutoka kwetu, hata iliyokaangwa, hata ya mama. Nilimweleza kwamba haiozi, kwamba ndiyo kazi ya samli. Nilimwonyesha kwa vidole kwamba mpishi wake ameungua. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaitia kwenye pipa, na mimi, mwanamke mzima mwenye shahada mbili, nikalia mbele ya watu wenye haraka zao.

Mkutanoni: siku za viazi

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye zulia, na kila mtu amening'iniza jina shingoni. Chakula kilikuwa kingi, nami sikujua nyama ipi imechinjwaje, basi nikala viazi. Viazi asubuhi, viazi mchana, viazi jioni. Mzee mmoja wa Kijapani alinitazama siku nzima ya kwanza, na siku ya pili akanisogezea mayai mawili ya kuchemsha aliyoyafunga kwenye leso. "Mayai hayana tatizo?" aliuliza. Nikamwambia mayai hayana tatizo. Tangu hapo tulikuwa tunakaa meza moja.

Kijana mwingine akaniuliza kama kweli kule jangwani kwetu watu wanajishughulisha na mambo ya angani. Nikamwambia kwetu hakuna mawingu ya kuzuia, nyinyi ndio mnapaswa kuulizwa. Alifikiri nimefanya mzaha.

Somo langu lilihusu foleni. Ndani ya chombo, kamera hutuma mzigo mkubwa sana, na kifaa kidogo cha kupima joto hutuma neno moja tu. Vyote vikifika njia panda wakati mmoja, mzigo wa kamera huziba njia, na lile neno moja hungoja. Pengine neno lenyewe linasema chombo kinaungua. Niliwaonyesha picha ya kisima cha Wajir. Nikawaambia: hapa mwenye ngamia wengi akishaanza kunywesha anaweza kumaliza mchana, na mjane ana mbuzi mmoja. Basi visimani kwetu mbuzi wa mjane hupenyezwa katikati, kati ya ngamia na ngamia, na hakuna tajiri atakayefungua kinywa kulalamika, maana siku moja mkewe naye atakuwa mjane. Andiko langu lilikuwa hilo tu, kwa hesabu.

Mzee wa Kijapani alinyoosha mkono. "Na mwenye ngamia akikataa?"

"Watu humtazama," nilijibu.

Ukumbi ukacheka, lakini yeye hakucheka. Aliandika.

Sasa niwaambie ubaya wake. Somo langu lilikuwa limepangwa siku ya kwanza, likasogezwa, likasogezwa tena, na siku niliyoitenga kwa ajili ya Hodan ikaliwa. Yeye yuko mji mwingine, mbali kwa treni. Kila jioni alinipigia, akiniita ndugu: "Walaal, kesho?" Kila jioni nilimjibu kesho. Nikiwa nimekaa pale ukumbini, mtu mmoja akaeleza juu ya chombo kilichokwenda mbali sana, mpaka sauti yake inawafikia waliokituma ikiwa nyembamba mno, na jinsi wanavyoketi kuisubiri, wazee kwa vijana, na siku ikichelewa hakuna anayekula. Watu wakampigia makofi. Mimi sikuweza. Nilimwona Habaryar ameketi mlangoni Tarbaj, pua yake nzima, akisubiri. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua.

Kwa Hodan

Mkutano ulipofungwa nilikuwa nimebakiwa na usiku mmoja. Treni ilisimama katikati ya msitu kwa sababu mti umeanguka relini. Abiria waliketi kimya wakitazama simu zao. Hakuna aliyechinja mbuzi. Mimi nilizoea kwetu, nikamgeukia jirani yangu nikamuuliza anakotoka na baba yake ni nani. Alihamia kiti kingine.

Hodan alikuwa akiningoja kituoni. Nilimjua kwa mwendo kabla sijaona uso. Tulikumbatiana tukashindwa kusema, kisha tukasema sote kwa pamoja, kisha tukalia, kisha akanisukuma kidogo akanitazama.

"Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Mama amenitumia nini?"

Swali hilo ndilo nililolihofia tangu forodhani. Nilimwambia kuhusu nyirinyiri. Alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akanichukua hadi kwake, ghorofa ya tatu, nyumba safi yenye joto, mumewe yuko kazini zamu ya usiku, watoto wanaongea Kiswidi na kunitazama kama mgeni kwenye televisheni. Akapika wali na sukaar, nyama ya vipande vidogo, na nilikula mpaka nikaona haya. Ndipo akauliza, akiwa amenipa mgongo, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi:

"Vidole vyake viliungua sana?"

Nikamwambia haja ya mama yake. Nilimweleza yote, pua, ngozi ya ndama, kila kitu. Mtandio ulikuwa kichwani mwake, wa kijani, umechakaa kwenye kingo. Aliushika kwa mkono wake.

"Huu?"

"Huo huo. Sasa hivi, niutie mfukoni."

"Kesho asubuhi nitakupa," alisema. "Leo niache niuvae."

Nani angemnyima? Alfajiri nilipokuwa nikiswali nilisikia mashine ya kufulia ikizunguka jikoni. Nikadhani nguo za watoto. Asubuhi akanikabidhi bahasha iliyofungwa kwa uzi, fundo juu ya fundo, akasema nisiifungue njiani harufu isitoke. Nikaona ni maneno ya busara.

Kituoni aliniganda. Treni ilipoanza kutembea alitembea nayo, akikimbia kidogo, kichwani ana mtandio mpya mweupe ambao haukumkaa vizuri.

Kurudi: Doha tena

Waliofungua ile bahasha ni watu wa ukaguzi wa Doha. Walikata uzi, wakautandaza mtandio juu ya meza, na harufu ikanijia kabla sijanyoosha mkono. Maua. Sabuni ya maua, na ule ulaini wa nguo iliyolowekwa dawa ya kulainisha, na umepigwa pasi, umekunjwa kona kwa kona. Nikampigia Hodan pale pale.

"Umeufua!"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Hodan, nilikuapia! Hapana, nilimwapia yeye! Umeufua!"

"Unajua kazi ninayofanya?" aliniuliza.

Sikuijua. Sote tulidhani yuko ofisini hospitalini. Anaosha wazee, jamani. Wazee wasiojiweza, mchana kutwa, na ile dawa ya kuulia vijidudu imeingia kwenye nywele zake, kwenye mtandio wake, haitoki. Ameniruhusu niwaambie nyinyi, kwa mama yake hapana.

"Mtandio ulikuwa unanuka mikojo ya watu na dawa," alisema. "Mama anuse hiyo, halafu alale? Ananidhani mimi ni nani huku? Mwache anuse sabuni."

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa na maneno tele. Lakini alikuwa analia kilio kile cha utotoni, cha kumeza pumzi, ambacho nimelala nacho sikioni miaka yote ile ya mkeka mmoja. Nikamwambia basi, basi walaal, usilie. Njia nzima mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka Garissa, na kutoka Garissa kwenda Wajir, niliukumbatia mtandio na kuusugua shingoni mwangu nikidhani utashika angalau jasho la mtu wa nyumba ile. Ulinuka maua tu.

Tarbaj

Nilikuwa nimetunga uongo. Nitamwambia hivyo ndivyo Hodan anavyonuka siku hizi, anaishi vizuri, anaishi kwa sabuni. Nikaurudia uongo wangu mpaka ukawa laini.

Habaryar alikuwa mlangoni. Alinishika uso kwanza, akanipapasa mashavu, akasema viazi vimenikubali, sijui alijuaje. Kisha akanyoosha mkono. Nikaweka mtandio mkononi. Akaufunua polepole, akaufunika usoni, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine, kisha akaugeuza akatafuta pindo lile linalokaa shingoni, akavuta tena. Alitafuta kila kona. Sijawahi kuona mtu akitafuta hivyo, na uongo wangu wote ukanikauka mdomoni.

"Sabuni," alisema.

Nikamshika bega. "Ndiyo, Habaryar!"

"Nilikuambia usiufue."

"Si mimi! Ni yeye!"

"Kwa nini?"

Sasa fikirini. Siri huwezi kuipigia kelele. Majirani walikuwa wameshatoka nje, wametega masikio. "Alikuonea haya!" nilipaza sauti. "Mtandio ulikuwa na jasho!"

Aliuweka mtandio mapajani, akapapasa zile kingo zilizochakaa. Nilidhani atalia. Nilikuwa tayari kulia naye.

"Nilimpokea mikononi mwangu akiwa na damu na maji yake," alisema mwishowe. "Nimemfuta matapishi, nimemfuta kinyesi. Leo ananificha jasho lake. Mtu humfulia mgeni. Mimi nimekuwa mgeni kwa mwanangu?"

Alifungua mtandio wake mwenyewe, mweusi, akaniwekea begani, akajifunga ule wa kijani wa Hodan kichwani, akaubana kidevuni kama anayekwenda kazini.

"Basi nitauvaa mimi," alisema. "Nitakamua nao, nitapika nao, nitalala nao. Mimi sina cha kumficha. Ukishanuka Dahabo sawasawa, utampelekea. Tafuta mkutano mwingine."

Hiyo ndiyo Uswidi yangu. Juzi nilimpigia jirani yake. Anasema wanawake wa mtaa walikwenda kumwomba auvue waufue, Idd imekaribia na mtandio umekuwa mweusi kwa moshi na samli. Amewafukuza kwa fimbo.